Nilimkatiza Aunty Mbele ya Wageni

"Na hiyo sheria ya Kiingereza ilitungwa na nani?"

Aunty aliniuliza hivyo jikoni, amenipa mgongo, nikakosa jibu. Mimi! Mwenye digrii, ninayemhoji hata mhubiri mpaka mama ananikanyaga mguu kanisani!

Acha niseme wazi: nilikosea, na hasira yote najielekezea mwenyewe.

Kwetu ni kisiwa cha Mfangano. Aunty na wanawake wenzake huanika omena, dagaa wa ziwa letu, ufuoni, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Mvua ikinyesha, omena inaoza, wanaiuza kwa bei ya chakula cha kuku. Basi wakaja wageni wa shirika fulani, wakitafuta kikundi cha kujengea vichanja vya kuanikia. Wanawake wakamchagua Aunty awaombee. Mimi niliketi na wageni, nitafsiri pakihitajika.

Hapakuhitajika! Aunty alijieleza kwa Kiingereza chake, bila woga, mpaka aliposema, "My mother learned me this work."

"Ni taught, Aunty," nikaropoka, tena kwa sauti. "Mama alikuteach. Wewe ndiye ulilearn."

Wageni wakatabasamu. Mwenye boti mmoja akapaza sauti nyuma: "Madam Aunty, rudi klasi wani!" Ufuo mzima ukacheka.

"Thank you," Aunty akasema, akaketi. Ombi lenyewe hakulifikia. Na mimi mkalimani? Nilikuwa bado natabasamu! Singeweza kusimama nikamalizia?

Vichanja vilijengwa ufuo wa jirani.

Jioni ile jikoni aliniuliza, "Nilipoongea, ulinielewa?"

"Nilikuelewa, Aunty."

"Sasa ulikuwa unamsaidia nani, nyathina, mwanangu?"

Ndipo akauliza ile ya sheria. Tangu siku hiyo hajasimama tena kuongea mkutanoni. Mvua ikianza, namwona akikimbia kukunja nyavu, na mimi nakimbia nyuma yake. Haniambii kitu. Afadhali angenitukana!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sikuwahi kuihoji sheria yenyewe. Kwa Dholuo, kufundisha ni puonjo, kujifunza ni puonjore: mzizi mmoja. Hata Kiswahili ni funza na jifunza. Aunty aliongea kwa mantiki, mimi nikaongea kwa maringo.

Wewe unayesoma, ukimwelewa mtu, nyamaza amalize! Marekebisho yako yatangoja. Ombi lake huenda lisingoje.

Na juzi tu nimegundua hili: kwa karne nyingi Waingereza wenyewe walitumia "learn" kwa kufundisha na kwa kujifunza, hata katika sala zao. Ni baadaye sana ndipo ikaanza kuitwa kosa. Nikampigia Aunty mbio mbio kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akauliza, "Sasa hiyo itaanika omena?"