Keki ya Anko Winston

Mimi ni nesi na nimeishi Houston miaka tisa, kwa hivyo msinitafutie kisingizio cha ugeni.

Marcia, msimamizi wetu wa zamu, ni mtu wa Trinidad. Wiki jana aliniambia, "Grace, Jumamosi mchana njoo kwangu. Familia tunakaa pamoja kwa ajili ya Anko Winston." Alisema hivyo akitabasamu, nami nikajua ni birthday. Nikaagiza keki kubwa.

Nilipofika, muziki ulisikika hadi nilipo-park. Ndani watu walikuwa wakicheza karata, wakinywa rum na kusimulia vituko vya mzee huyo huku wakicheka. Picha yake ilikuwa mezani, imezungukwa na maua na mshumaa mmoja. Nikasikitika kidogo. Mzee mzima, mshumaa mmoja?

Kwa vile sijui kunyamaza penye watu, nilisimama nikagonga glasi kwa kijiko. "Mwenye siku yake aje akate keki! Yuko wapi? Ama bado amelala?"

Karata zikasimama. Marcia akanishika mkono polepole. "Grace, Anko tunamzika Jumanne. Kwetu Trinidad tunaomboleza hivi, kwa karata na vicheko."

Kwetu Nyeri, anayecheka matangani hutolewa nje. Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Lakini mjane wa Anko, aliyekuwa akishinda kila mchezo, alikuwa ameshavaa miwani. Akaiinamia keki yangu, akayasoma maandishi niliyoagiza yaandikwe juu yake kwa sauti hadi walio jikoni wakasikia: "Ndio umeanza tu, mzee. Bado miaka mia!"