Hakuna Mbung'o Guangzhou

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu lori la kambi ya watalii lilikuwa linaondoka na mtu wa kuosha sufuria hakutokea. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, daftari la jiografia kwapani. Nikapanda. Nilidhani nitarudi Jumatatu.

Tangu siku hiyo nimeosha sufuria ukingoni mwa kreta, nimeziba pancha, nimechuma kahawa mashamba ya juu na kung'oa vitunguu Mang'ola, nimeuza vinyago vya twiga ambavyo twiga mwenyewe asingejitambua. Hakuna kazi niliyokaa nayo miaka miwili. Ninachokusanya mimi ni majibu. Nimewauliza wageni wa kila nchi kwao kukoje: mbwa wanalala wapi, nani anachimba kaburi, maji ya kuoshea vyombo yanaelekea wapi. Mtu amesafiri siku mbili kuja kuona simba, mimi namuuliza habari za mitaro. Madereva wawili wameshaniomba, kwa heshima tu, ninyamaze.

Pasipoti ninayo. Niliishughulikia siku nilipokuwa na pesa na sina akili, na kurasa zake bado ni safi kama ilivyotoka. Nimefika Arusha mara nyingi, Dar mara mbili, na Namanga upande wa huku. Hayo hayakunizuia kujiita mtu wa safari, na kwa kuwa Karatu kila mtu anamjua kila mtu, jina hilo lilifika hadi kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini.

Mama huyu anauza vitenge, kanga na mashuka ya Kimasai. Mzigo wake unatoka Guangzhou, na zamani alikuwa akienda kuufuata mwenyewe pamoja na mumewe. Kisha goti la mumewe likagoma, mama akaanza kuagiza kwa simu. Mzigo wa mwisho ulikuwa mashuka mekundu yanayochuja. Wafugaji walinunua, mvua ikawanyeshea, mabega yakawa mekundu, wakayarudisha. Akaapa kwamba hatanunua tena kitambaa ambacho hajakilowesha kwa mkono wake.

"Nataka mtu wa kubeba na kusema Kiingereza," aliniambia. "Tiketi juu yangu. Wewe si ndiye mtu wa safari?"

"Ndiye, mama."

"Basi niandikie ratiba ya siku nne. Nataka nione kichwani mna nini. Niletee Ijumaa asubuhi. Ukinifurahisha, tunakwenda."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu ambaye ameshapanda ndege. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Si pesa nilizotaka, wala mzigo wa kuuza. Nilitaka kuona mtaa ambao hakuna hata mtu mmoja anayejua niliacha shule.

Siku tatu nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nikajifunza kwamba mji ule ni wa joto na unyevu, kwamba tropiki ya Kansa inapita jirani yake, na kwamba kuna mto mkubwa, mnara mrefu na mlima unaoitwa wa mawingu meupe. Tropiki ya Kansa ilinichoma kidogo. Darasani tulikuwa bado hatujaifikia lori lilipokuja.

Kisha nikakaa kuandika. Hapa lazima nikiri jambo. Ratiba nimeona nyingi maishani, mamia, zimebandikwa kwenye milango ya mahema na vioo vya magari. Lakini zote ni za aina moja, na sikujua kwamba duniani kuna aina nyingine. Kwa hiyo niliandika ninachokijua. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Chai na biskuti. Kuondoka saa kumi na mbili kamili, geti likifunguliwa. Sweta kwa ajili ya baridi ya asubuhi, darubini, kofia. Nguo za rangi ya kaki. Bluu na nyeusi zisivaliwe. Saa sita na nusu, boksi la chakula: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi moja ndogo, juisi. Kuangalia mto. Kuangalia mnara. Kuangalia mlima. Kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Niliisoma mara tano na kila mara nilizidi kujipenda.

Ijumaa nilimkuta dukani na mfugaji kutoka Endulen, mzee mrefu aliyerudisha shuka lake na sasa ameketi kwenye kigoda akisubiri soda ya kuombwa radhi. Kwenye kona, binti wa dada yake yule mama alikuwa akikunja vitenge. Nikaamkia, nikatoa karatasi. Mama akavaa miwani na, kwa bahati yangu mbaya, akaisoma kwa sauti.

"'Kuondoka saa kumi na mbili kamili, geti likifunguliwa.' Geti gani?"

"La... la mji, mama."

"Guangzhou ina geti?"

"Kila mahali pana geti," nikasema. Nilikuwa naamini hivyo.

Akaendelea. Alipofika kwenye nguo alisimama, akalitazama baibui lake kuanzia mabegani hadi chini, jeusi tii.

"Nyeusi isivaliwe kwa nini?"

Kabla sijafungua mdomo yule mzee wa Endulen akajibu, huku anacheka hadi kigoda kinalia. "Mbung'o, mama yeyo! Mbung'o wanapenda rangi nyeusi na bluu. Amekuandalia safari ya porini!"

"Mbung'o wa Guangzhou!" mama akasema. "Ya Rabi, watanimaliza na baibui langu."

"Akae katikati ya gari tu," mzee akanishauri kwa uso mkavu, "na madirisha yafungwe."

Binti akauficha uso kwenye kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama akasogeza karatasi karibu na macho.

"'Chakula kiliwe ndani ya gari kwa sababu ya mwewe.'"

Pale kreta, kwenye uwanja wa kulia chakula kando ya bwawa, mwewe hushuka na kukupokonya kuku mkononi. Nimeshuhudia mgeni akibaki na mkate mtupu, analia. Hilo nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kujipiga mapaja.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Nimechekwa na watu wa mataifa mengi. Lakini mama alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, na sasa hakuwa akicheka.

"Mwanangu, nimesoma siku zote nne. Nitanunua saa ngapi?"

Nikatazama karatasi. Kuangalia, kuangalia, kuangalia. Sokoni hapakuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Katika safari ninazozijua mimi, mtu haruhusiwi kugusa kitu wala kuchukua hata jiwe.

"Mimi nakwenda kulowesha mashuka," akasema. "Huyu mzee anasubiri shuka ambalo halichuji, na nyuma yake wako wenzake. Wewe unanipeleka kutazama mto kwa darubini. Hii si safari yangu, ni yako."

Ilikuwa kweli. Kibaya zaidi, mpaka anaitamka sikuwa naijua.

"Nitakwenda na binti," akamalizia, kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Karatasi acha hapa. Hili boksi la chakula nalitaka. Nina sukari, na kule masokoni nikianza kuzunguka nasahau kula mpaka naona giza. Yai na ndizi saa sita na nusu, hapo umesema kitu."

Kwa hiyo ratiba yangu ilipanda ndege na mimi nikaenda Ganako kupalilia mahindi ya watu. Wiki ile nilikuwa nikitazama kila ndege iliyopita juu, ingawa zilikuwa zile ndogo za watalii zinazokwenda Serengeti. Nilimwagia dunia yote hasira. Mahindi mengine niliyakata nikidhani ni magugu.

Aliporudi alinitumia ujumbe niende. Nilijiapiza sitakwenda, nikafika baada ya nusu saa. Dukani kulikuwa na shuka limelowekwa kwenye beseni, na yule mzee wa Endulen alikuwa amechuchumaa akisugua pindo lake kwenye leso nyeupe. Akaiinua leso kwenye mwanga. Nyeupe. Akainuka, akachukua mashuka matatu.

Mzee alipoondoka mama akanitazama.

"Siku ya nne nilimaliza mapema," akasema. "Binti akataka kulala. Nikaitoa karatasi yako. Nikaenda pale mtoni."

"Peke yako?"

"Na baibui langu. Sikuumwa na kitu." Akacheka kidogo. "Nimekwenda Guangzhou mara sita, na mto ule sijawahi kuuona. Nilijua uko nyuma ya maghala, basi. Nikakaa kwenye benchi, nikala yai langu, nikaangalia."

"Maji yake yakoje?" Kwenye ratiba nilikuwa nimeandika, kwa uhakika wote, kwamba ni ya bluu.

"Kahawia. Kama korongo la Endabash likijaa."

Nikahisi moyo unashuka na kupanda kwa pamoja. Kahawia! Miaka yote hii nataka kwenda mbali, na huko mbali maji yana rangi ya kwetu. Lakini je, yana povu? Yanabeba magogo? Watu wanasimama karibu au mbali, na wazee wao wanakaa wapi, na mbwa? Nilikuwa nimeshauliza yote hayo kwa pumzi moja kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo.

"Wee, subiri," mama akasema. Akakivuta kigoda cha yule mzee kwa mguu, akanisogezea, akamwambia binti aangalie wateja. "Moja moja. Anza."

Nikaanza na harufu.