Radhi za Bibi na Kisiwa cha Kuba

Mwezi mzima wa Ramadhani fleti yetu ya Ruwi, mjini Maskati, ilinukia mkate wa ufuta. Bibi alikuwa akiuchoma mwenyewe, hamwamini mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka huo Marekani ilizidi kukibana kisiwa cha Kuba, jirani yake mdogo aliyefanya mapinduzi akakataa kumpigia magoti, na ugomvi huo wa mbali ukaja kukaa mkekani petu. Aliyeuleta ni Ami, mdogo wake baba. Ujanani alipelekwa Kuba kusoma, akarudi kwetu Unguja akiyasifu mapinduzi yetu, yaleyale ambayo watu wake walimtoa babu nyumbani asubuhi moja na asirudi tena. Baadaye mapinduzi yakamgeuka mwenyewe, akafungwa, kisha akamfuata Bibi Maskati mikono mitupu. Maji aliyavulia nguo, akayaoga. Bibi alimpa chakula na pa kulala, lakini radhi hakumpa.

Kwetu, asubuhi ya Idi kila mtoto, hata mwenye mvi, huubusu mkono wa mzazi, naye mzazi humwambia kwa sauti kuwa amempa radhi zake. Sote tulikuwa tukiambiwa. Ami alipewa mkono mtupu, mwaka baada ya mwaka, na radhi, wahenga walisema, ni bora kuliko mali. Mie nilimwonea huruma mpaka nikachukia Idi yenyewe.

Jioni moja tunafuturu, televisheni ikaonyesha watu wa Kuba wamepanga foleni ya mkate. Ami akalia, machozi yakadondokea tende.

"Wanawaua kwa njaa! Dola kubwa lile, na kisiwa kama kiganja!"

Bibi akaweka chini bakuli lake la uji. "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanaadamu mchungu. Watu wa Kuba unawalilia, mwanangu. Babako hujamlilia hata siku moja."

"Mama, siku zile watu walikuwa wamedhulumiwa."

"Babako alimdhulumu nani?"

Ami akaisukuma sahani ya tende.

"Nnataka neno moja tu," akasema Bibi. "Sema mlikosea. Idi nikupe radhi zangu."

Nilimwomba moyoni alitamke, tumalize, tule.

"Siwezi, Mama. Nikilisema hilo, umri wangu wote umekwenda bure."

"Wangu umeshakwenda."

Idi ikaja, Ami akabusu mkono, Bibi akatazama dirishani. Bibi hakuiona Ramadhani nyengine. Alipokata roho Ami alikuwa kandoni mwa kitanda, na si yeye wala Bibi aliyesema neno.

Sasa Ami ni mzee sana, anakaa Mabela kwa mwanawe, na kila Ijumaa mie humpelekea chakula. Kwenye televisheni yake mambo ni yaleyale: mkubwa angali anataka apigiwe magoti, mdogo anataka heshima yake, na wanaolala njaa ni watoto wa watu. Nimechoka kuwasikiliza wote wawili. Ijumaa iliyopita Ami aliizima mwenyewe, akanishika mkono. Nimerithi jina la Bibi, kwa hiyo tangu udogo wangu huniita Mama.

"Mama," akasema, "tulikosea. Nipe radhi."

Hasira zilinipanda. Kumbe neno lenyewe lilikuwa jepesi vile, na amelibania mpaka aliyekuwa akilingoja yuko kaburini! Nilitaka kumdanganya kuwa nimempa, ulimi ukagoma.

"Radhi hairithiwi, Ami."

Akaitikia kwa kichwa, akaubusu mkono wangu, akangoja.