Pia ya Baba Mdogo

Dobi wa mtaa wetu alikuwa na ugonjwa wa kukusanya pia za kamari. Zile za zamani zenye pande sita, kila upande umechongwa amri yake: weka, chukua, weka chote, chukua chote. Unaizungusha, na ikianguka, upande wa juu ndio unaoamua pesa za mezani. Watu walidhani anazipenda. Alizichukia kama ukoma, ila kuacha kuzitafuta hakuweza.

Alikuwa bado msichana baba yake alipopoteza nyumba kwa pia. Aliyeshinda alikuwa baba yake mdogo, tumbo moja na baba yake, ambaye aliwaonea huruma akawaachia chumba cha uani. Baba akafa akiamini ana mkosi. Mama akabaki akimlaani marehemu na kumpikia shemeji.

Dobi alizisaka pia kwa wauza vikorokoro mpaka akazijua. Iliyochezewa kweli hulika ncha na kulainika pembe zote. Ya kuigiza hupakwa masizi ionekane kongwe. Ukiisugua kwa kitambaa chenye sabuni, inabaki nyeupe kama imechongwa jana.

Siku moja baba mdogo, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alimwita sebuleni akampa pia ya mfupa.

"Shika, mwanangu. Naona unazipenda hizi takataka."

Dobi aliizungusha kwenye meza ya kupigia pasi. Chukua chote. Akairudia. Chukua chote. Akakisukuma kwa ukucha kijiti kilichopita katikati yake, kikashuka kidogo tu, na sasa ikawa inaangukia "weka chote" kila mara. Akakirudisha, ikachukua tena.

Alirudi nayo sebuleni.

"Baba mdogo, ndiyo hii mliyochezea na baba?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kijiti chake kinasogea."

Mzee alitazama dirishani. "Baba yako angeipoteza nyumba hii tu, kwangu au kwa mtu baki. Afadhali ilibaki kwenye ukoo."

Dobi akampelekea mama habari jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Nimemtukana mume wangu kaburini miaka yote hii," alisema. "Sasa unataka nifanyeje?"

"Tuhame, mama."

"Twende kwa nani?"

Mama akamimina chai, akaonja sukari, akampelekea shemeji yake, kwa kuwa ulikuwa wakati wake wa kunywa. Dobi akarudi kwenye pasi. Shati la juu kwenye rundo lilikuwa la mzee.