Karibu za Osaka

Nakumbuka usiku mmoja wa Osaka, mwanangu. Mji ule usiku haulali, unaota macho wazi. Cheka tu, ukifika utaniambia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kampuni niliyofanyia kazi hapa Eagan ilinituma Japani kwa mafunzo mafupi, nikamwacha mama yako na mimba yako, bado miezi ijae. Sijakaa sawa, nikaambiwa amelazwa hospitali Saint Paul, na asubuhi atapasuliwa. Asubuhi ya huku ndiyo usiku wa kule. Mama yako akaniambia kwenye simu, "Nipigie kabla sijaingia. Naogopa." Nikamwahidi.

Jioni ile nikatoka hotelini kununua kadi ya simu, maana simu yangu ya Marekani kule ilikuwa plastiki tu. Jamani, mwanangu! Mvua nyepesi, taa za kila rangi juu ya majengo, na chini mto umezibeba zote, zinatetemeka taratibu. Kaa wa bandia, mkubwa kuliko gari, anachezesha miguu juu ya mlango wa mkahawa. Harufu ya pweza wa kuchoma imetanda. Nilitembea kama niliyeazimwa ndoto ya mtu.

Na kila mlango una anayeita. Mwenzangu wa kazini alikuwa amenifundisha kwamba neno lile wanaloita maana yake karibu. Heri asingenifundisha! Mimi nimelelewa Tanga na bibi yangu, na kwa bibi ukiambiwa karibu hupiti kama ng'ombe. Unasimama, unaitikia, unaingia uonje japo kidogo. Basi nikaingia. Mpishi akanisogezea bakuli la tambi. Natoka, mlango wa pili, karibu! Nikaingia. Kwingine wazee wakanipa kipaza sauti, nikawaimbia wimbo wa harusi wa kwetu, wakapiga makofi mpaka nikajiona bwana harusi. Bibi alikuwa akisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami usiku ule niliponya mtaa mzima. Wala wao hawana kosa. Ile kwao ni salamu ya biashara, ukipita hawanuni. Mimi ndiye niliyeipokea kama ya nyumbani.

Nilipoikumbuka simu, saa zilikuwa zimekwenda. Nilikimbia kutafuta kadi, nikakipata kibanda cha simu huku nahema. Akapokea shangazi yangu, aliyekuwa ametoka kwake Savage kuja kukaa na mama yako.

"Shikamoo, Shangazi. Nipe niongee naye."

"Marahaba. Ameshaingizwa. Aling'ang'ania simu hii mpaka nesi akaichukua. Nikasema nikutafute hotelini, akakataa. Akasema, 'Muache, atapiga.' Ulikuwa wapi?"

"Watu walinikaribisha, Shangazi."

"Hao waliokukaribisha, wanalijua jina lako?"

Nililia mle kibandani, mtu mzima na ndevu zangu. Sikukata simu, naye Shangazi hakukata, mpaka nesi akatoka kumwambia mama salama, mtoto salama. Mtoto mwenyewe ndiye wewe. Mama yako hajanisuta hata siku moja. Niliporudi aliniuliza tu, "Ulipotea?" Nikamwambia ndiyo, nilipotea.

Sasa nawe unakwenda kusoma kule. Sikukatazi usiku wake, mwanangu; usiku ule ni mtamu, tembea, ule pweza, uimbe. Ila wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Anayekuita mlangoni, ukipita atamwita mwingine. Anayekungoja haiti, na kwa kuwa haiti ni rahisi kumsahau. Najua utanijibu kwa Kiingereza kwamba umesikia. Sikia tena.

Mama yako namjua. Hatakupigia akusumbue masomo. Atakaa pale sebuleni akijifanya anatazama televisheni. Basi piga wewe. Mungu akutangulie, akulinde kwenda na kurudi, na kila utakapopiga, mama yako awepo wa kupokea. Amina.