Jogoo wa Mama Abbo

Mama Abbo wa Merikit ni mjane mwenye shamba dogo la mihogo, na karo ya yatima anaowalea haiwezi. Ila ana jogoo. Kila Jumapili humpeleka kanisani apigwe mnada. Anayemnunua hulipa, kisha humrudisha mezani auzwe tena, na pesa zote ni za karo.

Juzi alikuja dereva wa lori kutoka Busia. Alinunua, akalipa, akambana jogoo kwapani na kushika njia. Desturi yetu hakuijua. Nani angemlaumu? Kanunua kuku.

Mama Abbo alimfuata mlangoni, akamchomoa jogoo polepole.

“Samahani, mwanangu, huyu haliwi. Huyu ni mzazi, ana watoto shuleni.”