Mgonjwa Niliyemrudisha Mikono Mitupu

Mama mkwe wangu, mjane aliyenifundisha dawa za miti shambani kwetu Githongo, alikuwa na sheria moja: mgonjwa haondoki mikono mitupu. Hata ukikosa dawa yake, mpe gome achemshe, ajisikie ametibiwa. Kwa hiyo nilipomaliza kozi ya waganga wa miti shamba na kuitwa Meru mjini kutahiniwa nipate leseni, nilibeba kikapu kizima na maringo juu. Hadi siku hiyo, kwa kukosa leseni, kila afisa wa afya akitokea sokoni nilikunja meza yangu ya dawa na kutoroka kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimechoka.

Mtahini alijifanya mgonjwa. Mwanamume mnene, mwenye afya kunishinda, akaniambia anakohoa mwezi wa pili sasa, amekonda, na akitema anaona damu. Nilitazama kitambi chake nikameza kicheko, kisha nikampimia mizizi ya aina mbili na asali. Nilijiona daktari. Akaniuliza kwa upole ningemtuma hospitali lini. Nikajibu, dawa yangu ikishindwa. Akanifelisha papo hapo.

Nyumbani mama mkwe alinitetea. Alisema hao watu wa ofisi hawajawahi kuchimba hata mzizi mmoja.

Baada ya miezi sita nilirudi. Mtahini yule yule, ugonjwa ule ule, ila safari hii nadhani alikuwa amefanya mazoezi, maana alikohoa vizuri zaidi. Nikamwandikia barua ya hospitali. Akanibembeleza: ametoka mbali, nimpe hata kidogo tu ya njiani. Nakiri mikono iliniwasha. Nikaikalia.

"Hapana, mzee. Ugonjwa huu siuwezi. Nenda hospitali leo."

Akaacha kukohoa, akaandika kwamba nimefaulu.

Siku leseni ilipotoka nilimkuta mama mkwe mlangoni akichagua maharagwe. Nikamsimulia mtihani wote kwa mbwembwe, hadi kitambi cha mtahini. Hakucheka. Akauliza huyo mgonjwa alisema anaumwa vipi. Nikamtajia kikohozi, kukonda, damu. Akauliza nilimpa nini.

"Sikumpa kitu, mama."

Nilingoja anikemee. Mikono yake ilitulia ndani ya ungo.

"Baba yenu alikohoa hivyo," akasema. "Nilimpa dawa mwaka mzima. Hakukosa hata siku moja."